Kifuniko cha Kamera Anacho Yeye

Tumsifu Yesu Kristo.

Asanteni. Leo mmeitikia vizuri. Kuna kipindi ningesema hivyo kwenye mlango wowote wa hapa Kilema, nikajibiwa na mbwa tu.

Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nieleze nilivyoanguka na nilivyosimama, akanipa dakika kumi na tano. Mimi ni mtu wa televisheni, dakika kumi na tano kwangu ni salamu, lakini nitajitahidi. Majina sitaji. Aliyeumia katika habari hii yumo humu ndani, na nilimwomba ruhusa yeye kabla sijamjibu mwenyekiti. Akanipa, pamoja na mipaka yake. Kwa hiyo msianze kugeuza shingo kumtafuta, nitazameni mimi.

Mnajua nilikaa Dar es Salaam miaka mingi kwenye kituo kimoja cha televisheni, nikapanda mpaka nikawa mkuu wa vipindi. Mlionikuza mnajua pia kwamba kufuata mstari kulinishinda tangu shule ya msingi. Wiki ya kwanza nilitoa studio ile meza ya kung'aa ya watangazaji, nikaipeleka kantini watu wanywee chai. Nikaanzisha kipindi cha saa nzima cha mama mmoja anapika mtori, supu yetu ya ndizi. Hakuna muziki, hakuna mtangazaji, ni mama na sufuria yake, anaonja, anaongeza chumvi, anamgombeza kuku aliyeingia jikoni. Mabosi walishika vichwa. Watu wakakipenda kuliko taarifa ya habari.

Na nilikuwa na sheria moja: kamera haizimwi. Mpiga picha akisema "kata," namfokea. Nilishagundua kwamba mtu husema la moyoni pale anapodhani mmeshazima. Mkubwa fulani amemaliza kuhojiwa, analegeza tai, anavuta pumzi, anasema, "Haya, sasa niwaambie ilivyokuwa." Mimi nilikuwa naisubiri dakika hiyo. Wafanyakazi wakaniita Bwana Usizime. Nisiwadanganye, jina hilo nilikuwa nalipenda.

Wakaja wakubwa wapya. Kila Jumatatu kikao, kila kikao wanataka kupunguza. "Ule mtori umekaa jikoni muda mrefu, tuufanye dakika tatu." Mtori wa dakika tatu, ndugu zangu! Nikabishana nao mpaka sauti ikakauka. Siku moja nikapiga meza, nikawaambia televisheni yao inakufa na ugonjwa ni wao. Jioni ile ile nikatoka na boksi lenye kikombe, kamusi na mabuti ya mvua. Nikarudi Moshi na hasira yangu yote, na nawaambia, hasira ni mshauri mbaya sana wa biashara.

Nikapanga chumba kule Rau, nikafungua chaneli ya mtandaoni. Wazo lilikuwa zuri, hata leo nasema lilikuwa zuri. Sisi Wachaga tunazikwa nyumbani, kwenye kihamba, shamba la ukoo, hata mtu akifia wapi. Lakini watoto wetu wametawanyika, wako Mwanza, wako Ulaya, hawapati ruhusa kazini. Nikasema nitawaletea harusi na mazishi moja kwa moja kwenye simu zao.

Mnafikiri ilikuwa rahisi? Huku juu mlimani mtandao una maringo kuliko bibi harusi. Kuna nyumba moja nilizunguka migomba yote nikiinua simu, ukapatikana juu ya paa la banda la nguruwe, na misa nzima nikairusha nikiwa nimechuchumaa pale na suti. Ukungu unashuka, picha inakuwa nyeupe. Na mtazamaji, amekaa zake kwenye kochi nchi ya watu, anaandika: "Mpiga picha, mbona unatetemeka?" Natetemeka kwa sababu niko juu ya nguruwe, bwana!

Lakini watu walinihitaji, nami nilijiona nimewashinda wale wakubwa wa Dar.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Alifariki baba mmoja hapa hapa kwetu. Mjane wake ana binti mkubwa anayeishi Mwanza. Binti alikuwa na mimba ya miezi minane, daktari amemkataza safari. Ndiye aliyenipigia simu. Alilia, akasema, "Baba mdogo, nifanyie tu nimwone baba anavyoshuka." Nikamwahidi. Nikafunga kamera kwenye kona ya turubai, kipaza sauti kwenye nguzo, nami nikakaa pembeni kwenye banda, penye mtandao, na skrini mkononi. Mazishi yakaenda vizuri. Binti akaandika asante.

Watu wakanawa, wakala, wakaondoka. Ukabaki ukoo. Mnajua desturi yetu, wakiondoka wageni ndipo ukoo unakaa kuzungumza mambo ya nyumba. Kwa kawaida wangekaa nyuma, kwenye migomba, lakini manyunyu yalianza, wakasogea chini ya turubai.

Kamera ilikuwa inawaka.

Likaulizwa swali, na yule mama akabanwa ajibu mbele ya shemeji zake. Alichosema sitakirudia, na wewe unayekijua kinyamazie. Lilikuwa jambo la ndani kabisa la nyumba ile. Lilimhusu binti, na binti alikuwa hajawahi kuambiwa. Alilisikia akiwa kitandani Mwanza, siku aliyomzika baba yake, pamoja na kila mtu mwingine aliyekuwa anatazama.

Simu ya shemeji mmoja ikalia. Alikuwa binti. Alisema, "Mwambieni mama nimesikia," akakata. Watu wote wakageuka kuitazama kamera. Yule mama hakupiga kelele. Alivua kanga ya mabegani, akaja, akaifunika kamera nayo.

Kuanzia siku hiyo binti hakupokea simu ya mama yake. Akajifungua. Mama alikuwa ameshaandaa kila kitu cha kwenda kumlea mwanawe, kama ilivyo kwetu, na habari ya mjukuu akaisikia kwa watu, kanisani.

Mimi nilisema nilisahau kuzima. Niliwaambia shemeji, nikamwambia padre, nikamwambia mama yangu mzazi. Mtambo ulikuwa mbali, mvua, mtandao, nilisahau. Nilikasirika watu wasiponiamini. Nikaona sasa nitatumia ufundi wangu: nikarekodi video ya kuomba radhi, nimekaa kwenye kigoda, nyuma migomba, taa nzuri, nikaitupa mtandaoni. Mae! Waliokuwa hawana habari wote wakaanza kuulizana, "Kwani kulitokea nini?" Wakautafuta ule mkanda. Niliufuta, nikaukuta kwa watu wengine, nikawaandikia wafute, wengine wakanicheka. Nilikuwa navunja nyumba ile mara ya pili huku nasema samahani.

Basi Kilema ikanifungia milango. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mwanangu alipopata kipaimara nilifunga turubai, nikachinja, nikapika, nikaweka viti. Watu wakatoka kanisani, wakapita barabarani na nguo zao nzuri, wakamsalimia mtoto, wakaenda nyumba nyingine. Mwanangu akakaa katikati ya viti vitupu na gauni lake jeupe. Nikawa nazunguka nikilaumu, hawa watu wana roho mbaya, nimewafanyia mangapi. Mama yangu akanivumilia, halafu akasema, "Chakula chako hawajakikataa. Wanaogopa kuongea mbele yako. Mtu atakulaje mahali asipoweza kuongea?"

Nilikula ndizi za sherehe ile siku tatu.

Mama ndiye aliyesema, "Peleka isale." Mnalijua jani hili, ndugu zangu, tumepanda mipaka yetu kwa hilo. Mtu akikuletea isale kuomba msamaha, unamsikiliza, hata kama moyo wako unawaka. Nikamwambia mama hayo ni mambo ya zamani. Akanijibu, "Na yako ya kisasa yamekufikisha wapi?"

Sasa chekeni kidogo: isale sikuwa nalo. Niliporudi kutoka Dar niling'oa masale yote ya mpakani, nikajenga ukuta wa matofali, na jirani yangu mzee tukagombana, kwa sababu yale masale yalipandwa na babu yake na babu yangu. Mtu mzima wa Kilema, nikaenda kubisha kwa jirani kuomba jani.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba. Leo umepita mlangoni? Nilidhani utaruka ukuta."

"Meku, naomba isale moja."

"Isale?" Akautazama ukuta wangu, akanitazama mimi. "Huo wako haujaota majani bado?"

Alinisimamisha pale kama mtoto, akanisema mpaka akachoka. Halafu akachukua panga, akachagua jani bichi lisilo na doa, akavaa kofia yake. Akasema, "Huwezi kwenda peke yako, utaharibu. Lakini nisikilize, ukishika hili usiseme uongo. Kama unao, uache hapa kwangu."

Tukaenda wote. Mchana, watu wanatazama kutoka kwenye mashamba yao ya kahawa. Yule mama alikuwa anamenya ndizi. Mzee akaeleza tulichofuata. Mama hakulipokea jani. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulisahau?"

Ndugu zangu, nilikuwa na maelezo yangu yote tayari, mtambo, mvua, mtandao. Nikalitazama lile jani mkononi, na nikashindwa.

Nikasema, "Hapana, mama. Sikusahau. Niliona mnakaa. Niliona kamera inawaka. Niliona watazamaji wanaongezeka. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na sikuzima."

Mzee akavua kofia. Mimi nilikuwa natetemeka, na safari hii sikuwa juu ya nguruwe. Mama akamaliza kumenya ndizi aliyoishika, akaiweka kwenye maji. Akasema, "Nilijua. Nilikuwa nakusubiri uniambie." Akapokea jani, akalishika kidogo, akanirudishia. "Hili si langu peke yangu. Lipeleke Mwanza. Umwambie hayo hayo, kwa mdomo wako."

Nililifunga kwenye gazeti lililolowa maji, nikapanda basi. Binti alifungua mlango, ana mtoto begani. Akaniona, akataka kufunga, halafu akaona nilichobeba. Nikayasema hayo hayo nikiwa nimesimama nje. Nikaongeza kwamba mama yake hakunituma kumtetea, na kwamba aliyemnyima haki ya kuambiwa na mama yake mwenyewe, taratibu, kwenye kiti cha jikoni, ni mimi. Alichukua isale. Akafunga mlango. Nikarudi safari nzima nikijua sijui kitu.

Haikuisha haraka, asije mtu akawadanganya. Nilikasirika tena, nikanuna, nikaona nimejidhalilisha bure. Lakini ilipofika misa ya kumaliza mwaka wa yule baba, binti alishuka kwenye gari pale njia panda ya nyumbani kwao na mtoto mgongoni. Walichozungumza na mama yake mimi sikijui, na nimefurahi sana kutokijua. Ninachojua ni kwamba yule mama alinitumia ujumbe nije na kamera, wanataka mtoto aonekane kwa ndugu walio mbali.

Nilifika, nikafunga kamera. Mama akaja, akanyoosha mkono. "Kile kifuniko cha mbele, nipe." Nikampa. Akakifunga kwenye pindo la kanga yake. "Nikisimama kukifunika, umemaliza." Mimi, Bwana Usizime, nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Hivyo ndivyo ninavyofanya kazi hadi leo. Nikiingia nyumba yoyote, kifuniko anashika mwenye nyumba. Vijana wa mjini wanaofanya kazi kama yangu wananicheka, na kuna siku naudhika kweli, maana mtu anafunika wakati ndiyo kwanza kumenoga. Sijawa malaika. Nameza mate, nakunja nyaya. Lakini nimerudishiwa viti vyangu, na mwaka huu mdogo wake mwanangu alipopata komunyo, viti havikutosha.

Namshukuru mama yangu, aliyenivumilia nikimlaumu kila mtu. Namshukuru meku, jirani yangu. Ule ukuta tumeubomoa, na miche ya masale ameitoa yeye. Namshukuru binti, ambaye hakulazimika kufungua mlango ule. Na wewe unayeingia kwa watu na simu yako, nakupa nililolipata kwa taabu: kabla hujawasha, muulize mwenye nyumba nani atazima. Na kama umekosea, usiseme ulisahau kama hukusahau. Nimewapotezea mtoto mchanga na bibi yake karibu mwaka mzima kwa neno hilo moja.

Nilikuwa na moja la mwisho, tena zuri kweli, kuhusu siku ile ya misa, baada ya watu kuondoka, pale bibi alipompakata mjukuu na kuanza kum...

Haya. Haya, mama, nimeona. Mkono umeshaingia kwenye pindo la kanga.

Nakaa.