Mwenyewe Amekwenda Kula

Mheshimiwa Leticia Buenaflor, Mwenyekiti wa barangay, yaani mtaa wetu huu, na mwenyeji wa ukumbi huu, Padre Gorospe, Mzee Ambrosio na Mama Felisa Abarquez, wazazi wa msafiri wetu, ndugu zangu wachoraji, mliokuja karamuni na wino vidoleni, majirani wa Marikina, na nyinyi wasomaji mliokaa huko nyuma mkijifanya mmefuata tambi za pansiti tu: nawasalimu nyote, na kama yupo niliyemruka, anilaumu wakati wa kula.

Nimeombwa nimuage Rowena. Kesho anapanda ndege kwenda Torino, Italia, kutunza wazee wa watu kwa mkataba wa miaka miwili, kwa sababu damu ya baba yake inahitaji kusafishwa kila wiki, na kazi yetu hii ya kuchora katuni, kuzipeleka fotokopi, kuzikunja na kuzipiga stepla sebuleni haijawahi kumlipia mtu hospitali. Mzee Ambrosio, usiinamishe kichwa. Hakuna anayekulaumu hapa, na angekuwapo, binti yako ndiye angekuwa wa kwanza kugombana naye.

Wengi wenu mnamjua Rowena kama yule binti mpole wa nyumba ya kona. Mimi namjua kama mwenzangu wa meza. Kwenye maonyesho yetu ya vitabu vya katuni ni nani anayemudu kukodi meza nzima peke yake? Tunagawana nusu kwa nusu, na sheria ni moja: mwenzako akitoka, unamuuzia vitabu vyake, na uweze kuisimulia hadithi yake kwa moyo uleule unaosimulia yako. Mteja akiuliza aliko, unajibu, "Mwenyewe amekwenda kula, anarudi sasa hivi."

Kwa hiyo Mama Felisa, nadhani nimeisimulia hadithi yake ya Dobi wa Wafu mara nyingi kuliko wewe unavyosali rozari. Mwanamke anayefua nguo za marehemu usiku, bila malipo, kwa kuwa anatafuta shati la mwanawe aliyechukuliwa na mafuriko. Sisi tunaoishi kando ya mto huu, ni nani kati yetu anayehitaji kuelezwa zaidi ya hapo?

Toleo la kwanza tulizipanga kurasa vibaya kwenye mashine. Dobi akaanika nguo kwanza, akaja kuzifua baadaye, na tuligundua vitabu vyote vikiwa vimeshapigwa stepla. Rowena alilia kidogo, akajifuta, akasema, "Kaka Dado, tuviuze hivyo hivyo. Watu wa kwetu wakianika, mvua inanyesha. Watadhani anafua tena." Na kweli, hakuna aliyeuliza.

Ila toleo la sita wameuliza. Mnakumbuka linavyoishia: dobi anatoa shati kwenye beseni, lina nembo ya shule, na kiganja chake kimeifunika nembo hiyo. Basi. Kuna muuguzi mmoja huja kila mwaka akiwa bado na sare zake. Safari iliyopita alisimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Kaka, ni la mwanawe au si la mwanawe? Mimi nina zamu, siwezi kufanya kazi na hili kichwani."

"Mwenyewe amekwenda kula," nikamwambia.

"Si ndivyo ulivyosema mwaka jana?"

"Anakula polepole."

Aliondoka amenuna, lakini alinunua.

Sasa niseme lililonileta hapa mbele. Juma lililopita Rowena alinikabidhi mfuko wenye kalamu zake, kichupa cha wino na michoro yote ya Dobi. Akaniambia, "Nimalizie wewe, Kaka. Unaijua kuliko mimi. Mikono yangu inakwenda kuogesha wazee, haitakumbuka tena kuchora." Alisema taratibu, kama mtu anayegawa nguo za marehemu. Nilibeba mfuko nikaenda nao nyumbani.

Rowena, jibu langu ni hapana.

Shangazi Pilar, hapo ulipokaa, usinikunjie uso, nisikilize. Je, naweza kuichora? Naweza. Mkono wake naujua hadi unavyokosea. Lakini mimi najua kusimulia mpaka pale kiganja kinapofunika nembo. Chini ya kiganja yuko mtoto wa mtu, na anayemjua ni mmoja tu. Nikiweka wangu pale, yule muuguzi atalala, lakini mimi sitalala.

Mfuko wako huu hapa chini ya meza. Kalamu nimezisafisha, kichupa nimekikaza kwa utepe wa gundi kisije kikamwagika ndegeni. Ogesha wazee wa watu kwa upendo, maana na baba yako anatunzwa kwa mikono hiyohiyo. Siku mikono ikipumzika, chora. Isipopumzika, usichore, wala usione aibu.

Mheshimiwa, wazazi, marafiki, mmenivumilia vya kutosha na chakula kinapoa. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Mwezi wa kumi, kwenye maonyesho, nitakuwa mezani kwetu kama kawaida. Nusu yangu itakuwa na vitabu vyangu, nusu ya Rowena itakuwa na vya Rowena, na kwenye kiti chake sitamkalisha mtu. Muuguzi akija na mikono yake kiunoni, nitamjibu yale ninayomjibu siku zote: mwenyewe amekwenda kula, anarudi sasa hivi.

Usinifanye mwongo, mdogo wangu.