Komeo la Mshikamano

Mheshimiwa Diwani, mgeni rasmi wa shughuli hii. Ndugu Mwenyekiti wa timu ya Mshikamano pamoja na kamati yako. Ndugu zetu wa Chama cha Mpira cha Wilaya. Sheikh wetu na Padri wetu, ambao leo nafurahi kuwaona mmekaa benchi moja. Wazee wangu wa Tandika, shikamooni. Bi Somoe, mke wa mtu tunayemuaga. Wachezaji, mashabiki, na nyie wenzangu mliovuka mji mzima kutoka Sinza kuja kunisindikiza: assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za mchana.

Naitwa Fransis Ndunguru. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini kabla ya chaki nilikuwa namba kumi wa Sinza Nyota. Vijana hamnijui. Wakubwa mnanijua, maana mlikuwepo Jumapili ile ya Septemba, mwaka 1991, nilipotolewa katika uwanja huu nimelazwa juu ya mlango wa stoo ya shule, kwa kuwa machela haikuwepo. Kamati iliponialika nije kumuaga Sadallah Mwinyikondo anapostaafu mpira, nadhani ilitaka mtu aliyevunjwa mguu asimame hapa aseme kwamba amesamehe, watu wapige makofi, tule pilau. Nawashukuru kwa heshima hiyo. Ila nisiwafiche. Naogopa, na nimeogopa tangu Alhamisi.

Ndugu wageni waalikwa, nianze na sifa, kwa sababu anazistahili na kwa sababu zimechelewa. Kuna vijana hapa wa miaka kumi na minane ambao wanamjua Sadallah kama mchezaji wa akiba, mzee wa kukaa pembeni na kufunga kamba za viatu ambavyo havitachafuka. Hamkumwona. Mngemwona mwaka 1988, mwaka 1989, mwaka 1990! Alikuwa akibeba magunia sokoni hapo Tandika tangu alfajiri, anapakua mahindi, anapakua nazi, saa kumi jioni anavaa jezi namba sita na kusimama katikati ya uwanja, na katikati inafungwa. Ndiyo maana mkamwita Komeo. Mpira haukupita. Mtu hakupita. Kama mpira ulipita, basi mtu alibaki.

Sie wa Sinza, wiki ya kucheza na Mshikamano hatukuzungumza kingine ila Komeo. Kocha wetu, Mwalimu Leonardi, hakutuchorea mambo mengi ubaoni. Alituambia kwamba mpira ukifika katikati tuuguse mara moja na kuutoa, asionekane mtu anaukumbatia, kwa sababu Komeo hahitaji zaidi ya sekunde mbili. Mie niliyekuwa namba kumi ndiye niliyesimama naye uso kwa uso dakika tisini. Mnajua nilimsikiaje? Kabla ya kumwona, nilisikia pumzi yake. Halafu mpira haupo, na mimi niko chini, na mkono wake umeshaninyoosha juu, ananipangusa vumbi mgongoni na kusema, "Pole, braza, mpira ndio niliotaka." Na kweli, ndio aliotaka. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akimgusa mtu asiye na mpira. Hakupiga kiwiko. Hakumkanyaga mtu refa akigeuka. Alikuwa mgumu, na ugumu wake ulikuwa mbele ya macho ya watu wote.

Sasa nawauliza, wapenzi wa mpira wa Temeke na Kinondoni: yuko wapi leo mtu wa namna hiyo? Nendeni Kijitonyama, nendeni Mbagala, nendeni Buguruni, mtazame timu ishirini. Kila kijana anataka kuwa namba kumi. Tangu televisheni ziingie mjini na mabanda ya video yafunguliwe kila mtaa, vijana wamejifunza kumpiga mtu kanzu kwa mpira wa juu ya kichwa, wamejifunza pasi za visigino, na vinapendeza, sikatai. Marefa nao wameagizwa kutoka juu kwamba anayeingia kwa nyuma atoke nje, na agizo hilo lina maana yake. Lakini katikati pamebaki wazi kama uchochoro wa kila mpita njia. Na mnachokiona ni nini? Je, mpira umekuwa wa upole? Mimi ni mwalimu, napeleka watoto mashindanoni, na nakaa pembeni nikiwa na hofu ambayo zamani sikuwa nayo. Zamani hatari ilikuwa na jezi namba sita na ulijua imesimama wapi. Siku hizi inatoka popote: kiwiko cha shavuni, kidole cha jichoni, njumu ya kisigino wakati mpira uko mita thelathini. Waliokuwa wakikaba waziwazi wameondoka, na hofu haikuondoka nao.

Kwa nini wameondoka? Mtasema televisheni, mtasema kanuni. Kwa mikoa mingine sijui. Kwa wilaya zetu hizi mbili, mimi najua sababu moja zaidi. Ni mguu wangu wa kulia.

Tangu mwaka 1991, kila kocha aliyetaka kumzuia kijana asiingie kwa nguvu alinitaja mimi. "Unataka kumfanya mwenzio kama Fransis wa Sinza?" Akina mama waliwatoa watoto wao kwenye nafasi ya namba sita. Nimesikia hilo kwa masikio yangu kutoka kwa mzazi wa mwanafunzi wangu, ambaye hakujua kwamba Fransis ndiye mimi. Na kila nilipolisikia nilinyamaza.

Mheshimiwa Diwani, naomba uniruhusu sasa niseme kilichotokea siku ile, kwa sababu hakuna aliyewahi kukisema.

Ilikuwa dakika ya hamsini na kitu, matokeo moja kwa moja. Nilikuwa nimeshaangushwa mara nne. Sikuumia hata mara moja, lakini nilikuwa nimechoka kuogopa. Nadhani wapo hapa wanaoijua hali hiyo, pale ambapo hofu ikikaa sana tumboni inageuka kuwa kitu kingine. Mpira ukadondoka katikati yetu, kila mmoja yuko hatua tatu kutoka ulipo. Sadallah akauendea mpira, macho chini, kama siku zote. Mimi sikuuendea mpira. Niliinua mguu, njumu mbele, nikalenga goti lake.

Nasema tena ili asiwepo wa kudai hakusikia: nililenga goti lake.

Yeye aliteleza chini kuliko nilivyotarajia. Mguu wangu ukalikosa goti, ukashukia juu ya mpira ambao tayari alikuwa ameubana kwa mguu wake kwa nguvu zote, na uzito wangu wote ukaangukia mguu wangu huo. Ugoko wangu ukakatika. Wengine wenu mliusikia mlio mkiwa kule magolini. Kwa aliyekaa pembeni kilionekana kitu kimoja tu: Komeo ameingia, Fransis amevunjika. Refa alikuwa ng'ambo ya pili, akakimbia, akatoa kadi nyekundu. Sadallah hakuitazama ile kadi. Alivua jezi, akaufunga mguu wangu, akapanda nasi kwenye pikapu akiwa kifua wazi, na njia nzima ya makorongo mpaka hospitali aliushika mguu wangu kwa mikono miwili usicheze. Alikuwa analia. Mimi nilikuwa namtazama, na nilijua.

Nililazwa wiki tisa. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja na chakula alichopika Bi Somoe, wali na samaki wa nazi, na kila mara aliniomba nichezeshe vidole vya mguu avione. Ijumaa ya pili alimkuta mama yangu, Apolonia, amefika kutoka Masasi. Akamwamkia. Mama hakuitikia. Akamwambia, mbele ya wagonjwa wote wa wodi, "Wewe ndiye uliyemvunja mwanangu."

Sadallah akajibu, "Ndiyo, mama. Ni mimi."

Nilikuwa nimelala hatua mbili kutoka pale. Ningeweza kusema neno moja. Nilifikiri nikisema, mama atanionaje, timu itanionaje, nani ataniletea chakula, nani atanihurumia? Niligeuza uso ukutani. Mama akachukua lile bakuli la Bi Somoe akaenda kulimwaga nje, na Ijumaa iliyofuata Sadallah akaleta jingine. Mama yangu amefariki akiwa anaamini hivyo, na yeye sina pa kumwambia.

Ndugu wageni waalikwa, mnakumbuka mechi ya kupanda daraja ya mwaka 1994? Najua mnaikumbuka, maana mpaka leo inauma Tandika hii. Ndiyo siku ile niliyorudi hapa, nimesimama nyuma ya umati, fimbo mkononi. Bila bila, dakika ya themanini na sita, sare inawatosha Mshikamano. Kiungo mmoja wa wapinzani akatoka na mpira peke yake, akaja katikati, na mbele yake kulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Sadallah. Uwanja mzima ulishapumua. Na Sadallah akainua mguu, halafu akaurudisha nyuma. Akamwacha apite. Likawa goli.

Mlimzomea. Mlimtupia maganda ya machungwa. Mlisema ameuza mechi. Wengine walisema amefanyiwa dawa. Mlikwenda kumwimbia Bi Somoe nyimbo za kejeli mlangoni kwake siku tatu, na sokoni watu wakakataa mizigo yao kubebwa na Sadallah. Hakujitetea hata kwa neno moja, na nyie mkachukua kimya chake kuwa ndiyo ushahidi. Kumbe mtu angesema nini? Aliyekuwa na la kusema alikuwa mimi, nimesimama nyuma yenu, nimeegemea fimbo. Nilielewa kabla ya mpira kugusa wavu. Nikaondoka kabla refa hajapiga filimbi, kwa sababu niliogopa mtu asije akanitambua na kuniuliza chochote.

Miaka minne mingine amevaa jezi yenu. Hakukaba tena. Alisimama mbali na watu, akatoa pasi za kando, akawekwa akiba, akakubali. Watoto waliokua wakimtazama walijifunza nini? Walijifunza kwamba namba sita ni mahali pa aibu.

Alhamisi iliyopita, barua yenu ya mwaliko ikiwa mfukoni, nilikwenda nyumbani kwake. Nilimkuta ukumbini, Bi Somoe yuko jikoni. Nilimwambia yote kama nilivyowaambia nyie, bila kupunguza. Niliogopa atanipiga, halafu nikaogopa zaidi kwamba hatanipiga. Mwishowe akaniambia kwamba siku ile ya mwaka 1994 hakumwona yule kiungo. Aliuona mguu wangu. Alisema kila mguu uliomjia mbele kwa miaka saba ulikuwa mguu wangu, na usiku alikuwa akiota mlio, na kwamba hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

Nikapiga magoti kumwomba radhi. Akanizuia.

"Usiniombe radhi humu ndani," alisema. "Mie walinizomea uwanjani. Kaseme uwanjani, halafu ndiyo nitajua nikujibu nini."

Basi hiyo ndiyo sababu ya mtu wa Sinza kusimama hapa. Kamati haikujua, na kama nimeiharibu shughuli yenu, Mwenyekiti, lawama ni yangu peke yangu. Naona kuna wazee wameinamisha vichwa. Naona wenzangu wa Sinza hawanitazami, na sijui kama tutarudi pamoja. Mnayo haki ya kunifanyia mlichomfanyia yeye. Ila nawaombeni, kabla hamjanigeukia mimi, mgeukieni yeye kwanza. Mwambieni neno mlilopaswa kumwambia miaka minne iliyopita. Na nyie makocha, kuanzia leo mkilitaja jina langu kwa vijana, simulieni jinsi ilivyokuwa: Fransis alivunjika kwa sababu aliacha mpira akamfuata mtu. Kijana anayetaka kukaba, anayeingia kwa haki, macho kwenye mpira, mwacheni akabe. Naogopa tumeshachelewa. Naogopa hatutamwona mwingine. Lakini msimkataze kwa uongo wangu.

Bi Somoe, ulinipikia chakula wiki tisa na sijawahi kukwambia kilikuwa kitamu. Kilikuwa kitamu. Nakushukuru. Nawashukuru nyote, Mheshimiwa Diwani, viongozi wa dini, wazee, kwa kunivumilia mpaka neno la mwisho bila mtu kunikatiza, jambo ambalo sikulitegemea.

Ndugu yangu Sadallah, naona umesimama. Ndugu mshereheshaji, tafadhali usimrudishe kitini, mwachie njia. Sijui anakuja kunipa mkono au anakuja kwa jingine, na sikai chini mpaka nijue. Ulisema niseme mbele ya watu, halafu utanijibu.

Nimesema.