Mzee Yakani na Milango ya Gari la Kijani

Ijumaa tarehe 30 Novemba 1979, Mzee Hamuza Yakani, fundi wa bodi katika karakana yetu ya Barabara ya Vurra hapa Arua, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minane ya kazi. Alipoajiriwa Machi 1950 alikuwa kijana kutoka Kuluba ambaye hajawahi kushika nyundo ya bati. Leo ni vigumu kupata lori la tumbaku kati ya Arua na Koboko ambalo halijapita mikononi mwake.

Sherehe ilistahili kuwa kubwa kuliko hii. Mwezi wa Mei tulikuwa wafanyakazi thelathini na mmoja. Waliorudi baada ya vita ni tisa. Wengine wako Zaire na Sudan, na wawili hatujui waliko. Mimi, Margarita Keji, karani wa stoo, nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu aliyezoea kuandika mambo ya namna hii hayupo.

Mzee Yakani alianza kwa kunyoosha madigadi, akaendelea hadi akawa fundi mkuu wa bodi. Aliichukia kutu kama watu wengine wanavyowachukia wezi. Kila alipomsalimia mwenye gari, mkono mmoja ulimshika mtu na kidole cha mkono wa pili kiligonga mlango, asikilize kama bati bado ni zima. Mwaka 1968 aliligonga hata gari la harusi, akamwambia bwana harusi pole.

Kazi iliyompa sifa ilikuja mwaka 1973. Nasuru Kamisi, mnunuzi wa tumbaku wa mtaa wa Oli, alikuwa amenunua gari dogo la michezo kutoka kwa duka moja la Kihindi, wenyewe walipoamriwa kuondoka nchini. Lilikuwa la kijani, viti viwili, paa la turubai, limeundwa miaka kumi na mitano nyuma. Kwa miaka mingi lilikuwa limekaa Mombasa karibu na bahari, na chumvi ilikuwa imeila milango yote miwili. Ukifunga kwa nguvu, kutu ilimwagika chini kama unga.

Wengi wetu tulishauri azibe kwa puti na kupaka rangi, maana barabara zetu zingelimaliza gari lile kabla ya puti kupasuka. Mzee alikataa. Mlango wa kushoto aliukata chini, upana wa viganja viwili, akachomelea bati la pipa la mafuta na kuzibua vitundu vya kutolea maji. Wa kulia, upande wa dereva, haukuokoleka kwa bati tulilokuwa nalo wakati ule. Akasikia kwamba Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa ng'ambo ya mpaka, huko Aru, Zaire, ana gari la aina hiyo limekufa. Akaenda kwa baiskeli, akarudi na mlango mgongoni. Pale mpakani Vurra ofisa wa forodha alimsimamisha.

"Mlango iko. Motokari iko wapi?"

"Motokari inangojea Arua," alijibu Mzee. "Mimi natangulia na mlango tu."

Mlango ule ulikuwa na rangi ya maziwa. Aliupaka kijani kwa nje, lakini ndani, chini ya ngozi inayofunika mlango, akauacha ulivyo. Ule wa zamani uliooza aliuleta stoo kwangu, nami nililalamika miaka mitatu kwamba unanibania nafasi. Nasuru alimchukua mkewe, Hawah, wakazunguka mji mzima jioni ile, na kila walipopita karakana alifungua mlango na kuufunga ili Mzee asikie unavyolia.

Ninayoandika sasa hayakuwa yakisemwa. Hawah, aliyerudi kutoka Aru mwezi uliopita, ameniruhusu.

Februari 1977 Nasuru alikwenda Kampala na gari lile kwa mambo ya tumbaku. Siku ya kumi na moja, gari lake lililetwa karakana na watu watatu wasio na sare. Mlango wa dereva ulikuwa na matundu manne. Kiti kilikuwa kimeoshwa na bado kilikuwa na maji. Mkubwa wao alisema gari sasa ni mali ya serikali, matundu yazibwe na lipakwe rangi ya buluu kufikia kesho jioni.

Kuziba matundu manne ni kazi ya asubuhi moja. Mzee aliinama, akapitisha kidole kwenye kila tundu, kisha akasimama.

"Mlango hii haiwezi tengenezeka. Bati imekufa. Ingine iko stoo, mimi nabadilisha."

"Badilisha," yule mtu alisema. "Hii ya matundu kata yote, mimi nakuja kuona vipande."

Walipoondoka, msimamizi wetu, Okuonzi, alimvuta pembeni. "Mzee, wewe unataka nini? Weka puti, wachukue gari yao waende. Utatuua sisi wote."

"Mke ya Nasuru bado anapika chakula yake kila siku," Mzee alimjibu. "Nani atamwambia?"

Okuonzi hakumsaidia, wala hakumzuia. Mimi nilikasirika sana, kwa sababu ufunguo wa stoo ulikuwa wangu, na nilikuwa na watoto watatu. Lakini nilimfungulia. Alitoa ule mlango wa zamani, akakata sehemu iliyooza, akachomelea bati jipya, akaufunga kwenye gari na kulipaka lote buluu. Ule wenye matundu aliuficha nyuma ya springi za malori. Kisha akachukua mlango wa gari jingine bovu, akaupaka kijani, na ulipokauka akaukata vipande vidogo vidogo. Yule mkubwa alirudi, akavipiga teke, akafungua na kufunga mlango mpya mara mbili, akaondoka na gari.

Wakati huo mtaa ulikuwa ukisema Nasuru amepata mke mwingine Zaire. Shemeji yake Hawah, Umaru, alimwambia angoje. Kwa hiyo mama yule hakuweza kulia, wala kukaa eda, wala kusomewa duwa ya mumewe. Alibaki mke wa mtu asiyejulikana aliko, na watu wakimcheka.

Mzee alingoja wiki tatu, kisha akamleta Hawah stoo pamoja na shehe wa mtaa wao. Nilisogeza springi. Hawah alipiga magoti, akainua ngozi ya ndani ya mlango, akaona ile rangi ya maziwa, akaujua mlango wa gari lao. Akahesabu matundu kwa sauti ndogo.

"Kiti ilikuwa na damu?"

"Walikuwa wameiosha, mama. Mimi nilikuta maji tu."

Alirudisha ngozi mahali pake. Kisha akasema, "Basi. Sasa mimi najua." Shehe alimwambia aanze eda siku ile ile, na duwa ikasomwa nyumbani kwake kimyakimya, bila maiti.

Mlango ulikaa stoo hadi tulipokimbia Juni mwaka huu. Tuliporudi, stoo ilikuwa tupu, hata misumari imechukuliwa.

Baada ya kazi ile Mzee aliomba ahamishiwe upande wa malori, na kwa karibu miaka miwili hakugusa gari dogo. Mwaka jana gari lile lilipita mbele yetu sokoni, buluu, mtu nisiyemjua ndani. Mzee alilitazama hadi likapotea. Nilitegemea atalaani. Alisema tu kwamba mlango unafunga vizuri, akainamisha kichwa, na siku nzima hakula.

Tunamshukuru kwa mafundi kumi na wawili aliowafundisha, wengi wao sasa wakiwa mbali. Okuonzi ameniomba niandike kwamba anamwomba radhi kwa maneno ya siku ile. Mimi pia naomba radhi kwa hasira yangu.

Jumatatu Mzee Yakani atapanda lori hadi Koboko, kisha Kuluba. Mkewe, Madinah, na wajukuu wanne walivuka mpaka mwezi wa Juni. Mfanyabiashara mmoja anasema aliwaona huko Kaya, Sudan, mwezi wa Agosti, na tangu hapo hakuna habari. Kama hawako nyumbani, Mzee atakwenda kwa miguu hadi Oraba mpakani kuuliza. Tumempa blanketi na chumvi ya safari.

Asante, Mzee wetu, kwa kazi yako na kwa moyo wako. Tunakuombea uzee wa amani, na uwakute wote wazima. Ukikuta nyumba ni tupu, usikae huko peke yako. Rudi kwetu. Stoo ina nafasi sasa, na kitanda kipo.