Kamera Iliyoungua na Sentensi Moja

Kamera ya darubini ya shule iliungua Jumatano, saa moja na dakika kumi na mbili jioni. Siku iliyofuata, saa kumi alasiri, ilikuwa juu ya benchi la kahawa nje ya kibanda cha fundi Volti, kati ya birika na redio ndogo iliyokuwa ikitangaza mpira. Benchi hilo lina wenyewe. Jaji, karani wa mahakama aliyestaafu, hukaa upande wa ukuta na kutoa hukumu ambazo hakuna aliyemwomba. Spea, muuza vipuri wa duka la pili, hukaa karibu na redio. Muuza kahawa hukalia ndoo iliyopinduliwa. Volti hukaa mwishoni, mguu mmoja kibandani, ili mteja asiseme fundi hayupo. Siku hiyo hakukaa. Aliyeileta kamera alikuwa dada yake wa tumbo moja, mwalimu wa sayansi, naye alikuwa amesimama mbele yake vilevile alivyosimama utotoni alipomkuta na sukari ya wageni mdomoni.

— Inuse.

— Dada, shikamoo kwanza.

— Marahaba. Inuse.

Volti aliinusa. Harufu hiyo aliijua. Wateja humletea kila wiki na kuapa kwamba kifaa kilizimika chenyewe.

— Kisanduku changu hakina kosa, alisema, akikigusa pale dada alipokiweka, pembeni ya kamera.

Kisanduku hicho alikuwa amekitengeneza mwezi huohuo, kwa ombi la dada yake. Kabla yake, kila kifaa cha darubini kilikuwa na betri yake: mota inayoizungusha ifuate nyota, kamera, na mkanda wa joto unaovishwa mdomoni mwa darubini ili umande usitue kwenye kioo. Nyaya zilitapakaa chini, wanafunzi wakajikwaa. Volti alichukua kopo la plastiki lenye mfuniko, akaingiza umeme wa betri moja ya pikipiki, volti kumi na mbili, akatoa nyaya tatu, kila mmoja na fyuzi yake. Alipiga picha. Kuna mteja aliyeonyeshwa picha hiyo kabla ya kuulizwa shida yake.

— Nisikilize, alisema dada. Chuo kilichotuazima kamera kina nyingine. Watanipa kesho asubuhi kwa sharti moja: niandike ni nini kilichounguza hii. Sentensi moja tu. Nisipoandika, hawatoi. Jumamosi mwezi unapatwa. Nimewaahidi watoto mia nne na wazazi wao kuuona ukutani, mkubwa kama mlango. Bila kamera watapanga foleni wachungulie tundu moja. Mwezi haungoji foleni, mdogo wangu.

— Mota inazunguka? aliuliza Spea.

— Inazunguka.

— Mkanda?

— Unapata moto.

— Umesikia! alisema Volti. Watoto watatu wamekula chungu kimoja, wawili wazima. Sasa mnamshika mpishi kwa lipi? Kamera ilikuwa mgonjwa tangu kwao.

— Ilipiga picha wiki tatu, alisema dada. Imekutana na kisanduku chako, imekufa siku hiyohiyo.

Jaji aliweka kikombe chini.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inaingiaje hapa, mzee? aliuliza Volti.

— Kumi na mbili za mota, kumi na mbili za mkanda, kumi na mbili za kamera. Jumla thelathini na sita! Kibaba kimejaa, kamera ikafurika.

— Umeme haujumlishwi hivyo!

— Mahakamani vifungo tulijumlisha hivyohivyo, na watu walivitumikia.

Muuza kahawa alisema kosa ni la umande.

— Mmeufukuza kwenye kioo. Nao una pa kwenda? Umezunguka nyuma, umekuta kamera haina mkanda, umeingia na hasira zake zote.

— Umande gani saa moja jioni? alisema Spea. Hizo ni setilaiti. Ziko juu maelfu, na kila moja inamwaga umeme wake chini. Wewe unanyoosha bomba kuelekea juu, unategemea likuletee maji?

— Bomba lina vioo, Spea, haliko wazi! alisema dada.

— Ndiyo mbaya zaidi. Vioo vinaukuza.

Jaji aliinua kidole. Walipomwona amekiinua, walijua hukumu imeiva.

— Mshitakiwa ni mwezi. Anajua Jumamosi anapatwa, hana raha. Ninyi tangu Jumatano mnamchungulia. Mfungwa anayechunguliwa kabla ya hukumu hutupa chochote kilicho mkononi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Cha mvunguni na mwezi ni wapi na wapi? Volti alifoka.

Dada alikuwa ametoa daftari. Kalamu ilikuwa wazi.

— Niandike hivyo? "Mwezi ulitupa kitu"? Semeni, niwapelekee. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya mkuu wa shule nikasema, mdogo wangu ni fundi, sihitaji mwingine. Mimi! Waya wa kamera uliutoa wapi?

— Ule wake ulikuwa mfupi, haukufika kwenye kopo. Nikanunua mrefu, wenye plagi tayari kichwani. Nikaunga upande wa pili.

— Kwa nani?

Volti alimtazama Spea, na Spea akasimama.

— Usinitazame hivyo. Mimi nauza waya, ufundi siuzi.

— Uliniuzia takataka!

— Takataka? Ulinunua mbili. Ule mwingine uko kwenye mkanda, na dada yako kasema unapata moto. Takataka inapasha moto?

— Mimi siongelei mkanda!

— Mimi naongelea! Uliungaje?

— Kama ninavyounga siku zote. Waya mweusi una mstari mweupe upande mmoja. Mstari ni chanya. Miaka kumi na minne mstari ni chanya, hata nikiwa usingizini.

— Katika mzigo ule wa zamani, alisema Spea.

Volti alimgeukia. Mtangazaji wa mpira aliendelea.

— Mzigo wa zamani ndio upi?

— Hizi zimetoka kiwanda kingine. Mstari wao wameuweka wapi, sijui.

— Na hukuniambia!

— Uliniuliza? Ulisema "nipe mbili ndefu," ukaondoka unapiga mluzi!

Volti alilipiga benchi teke. Vikombe viwili vilianguka, kahawa ikamwagikia viatu vya Jaji. Volti alimwambia Spea atoke kwenye benchi lake. Spea alisema benchi ni la serikali. Jaji alisema hasira hasara, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali ilikaa mahali pake, lakini hakuna aliyeisikia kwa sababu wote walikuwa wakisema pamoja: mstari, umande, setilaiti, dada akigonga daftari kwa kalamu na kurudia, "Sentensi moja! Sentensi moja!"

Aliyewanyamazisha alikuwa mama mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, aliyekuja na pedali ya mashine yake kwenye mfuko. Alikuwa amesimama muda. Alisubiri wote wavute pumzi.

— Samahani, wanangu. Mita ilisema nini?

— Mita gani, mama?

— Hiyo ya kupimia umeme. Mwaka jana nilipoleta mashine, fundi aliiweka kwanza kabla hajagusa kitu. Kwenye hiyo kamera ilisema nini?

Spea alitazama redio, kisha akaondoa macho. Muuza kahawa alianza kuokota vikombe. Jaji aliinama kufuta kahawa viatuni.

Betri ya mita, ile ya mraba, ilikuwa ndani ya redio. Iliingia humo wiki mbili nyuma, siku ya nusu fainali, redio ilipokata roho dakika ya themanini. Spea alisema, toa ya mita, utairudisha kesho. Jaji alishika tochi. Muuza kahawa aliwapa wote kahawa ya bure. Volti ndiye aliyeitoa kwa mkono wake.

— Volti, alisema dada. Mita ilisema nini?

Volti aliichukua redio. Mtangazaji alikatwa katikati ya jina la mchezaji. Aliitoa betri, akaingia kibandani, akaitia kwenye mita. Alitoka na betri ya pikipiki, akaunga kisanduku juu ya benchi, akaweka ncha mbili za mita kwenye plagi ya kamera: nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi.

Kumi na mbili nukta sita. Mbele yake, kistari cha kutoa.

Aliigeuza mita, dada yake aone.

— Waya wa kamera nimeupindua, alisema. Mkanda wa joto hauchagui, umeme uingie mbele au nyuma utapata moto. Mota ina waya wake wa zamani. Kamera inachagua.

— Kwa hiyo waya wangu... alianza Spea.

— Nyamaza, Spea. Sikupima.

Dada aliandika. Alisoma kwa sauti: "Fundi aligeuza chanya na hasi kwenye waya wa kamera, na hakupima kabla ya kuuchomeka."

— Weka jina, alisema Volti.

— Lipi?

— La nyumbani. Hilo la Volti liache.

Aliliandika, akampa kalamu. Saa kumi na dakika hamsini na tano Volti alitia sahihi. Mpira ulikuwa haujaisha, na hakuna aliyeomba redio iwashwe.