Mzee Hewa, Mtu Aliyeipoza Baridi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, dereva na fundi wetu wa magari anastaafu. Jina lake limo kwenye faili la ajira na huko ndiko lilikobaki. Sisi sote, kuanzia meneja hadi mama wa kantini, tunamwita Mzee Hewa. Uongozi umetuhakikishia kwamba nafasi yake haitajazwa, kwa kuwa kuendesha gari kutoka ofisini hadi kituo cha mitambo kileleni ni kazi anayoiweza yeyote mwenye leseni. Tumefarijika sana kusikia hivyo, hasa sisi tunaokaa huko kileleni tukisubiri kuteremshwa.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mimi ni mkuu wa zamu kileleni, na pia kwa sababu Mzee Hewa amemuoa dada yangu. Mhariri wa jarida letu aliamini kwamba shemeji ataandika kwa heshima. Ni wazi kwamba mhariri hana mashemeji.

Aliajiriwa kama muosha magari. Inasemekana alikuwa anaosha vizuri mno, ila kila alichokisugua alitaka kujua ndani yake kuna nini, na magari yalirudi kwa wenyewe yakimeremeta huku yamepungukiwa na skrubu. Wakamhamishia karakana. Hawakuwa wanampandisha cheo, walitaka tu uharibifu ufanyike mahali panapostahili. Huko akasoma, akapata vyeti, akapata leseni kubwa, na mwishowe akakabidhiwa pikapu ya milango minne inayopandisha na kuteremsha zamu. Hapo ndipo tulipokwisha.

Kwa wenzetu wa uhasibu, ambao gari kwao ni risiti ya mafuta, nieleze kidogo. Pikapu ile ni ya turbo. Turbo huikandamiza hewa na kuisukuma ndani ya injini, na hewa ikikandamizwa hupata moto. Hewa ya moto haina nguvu, kwa hiyo njiani huwekwa intakula, kitu kinachofanana na rejeta, ili hewa ipoe kabla ya kuingia. Pikapu yetu ilitoka kiwandani na intakula yake ndogo juu ya injini, na ilikuwa inapanda mlima ikilalamika kidogo kuliko abiria wake.

Sasa, kileleni kwetu mswaki hugandia kwenye kikombe. Majani yakikanyagwa asubuhi hulia kama vigae. Mlinzi hulala na soksi mikononi. Katika mahali kama hapo, mtu mwenye akili zake timamu alikaa, akafikiri, akagundua kwamba tunachokikosa ni ubaridi.

Intakula kubwa aliipata kwenye lori lililopata ajali, akaja nayo begani akiwa na furaha ya baba aliyepata mtoto. Tulimwambia. Mama wa kantini alimwambia. Dada yangu, ambaye amemwambia mengi maishani, naye alimwambia. Hakuambilika, hakusemezeka. Akakata bampa, akapitisha mabomba mapya, na meneja alipouliza gari lake limefanywa nini, akajibiwa, "Hewa, meneja. Hewa ndiyo kila kitu." Jina likampata siku hiyohiyo.

Haki yake nimpe. Miezi ya jua ile pikapu ilipanda kama inayofukuzwa. Kona ya mwisho, tuliyozoea kuipanda kwa gia ya kwanza huku kila mtu akisali kimoyomoyo, tukaipanda kwa gia ya pili. Habari za ile gia ya pili tulizisikia kazini, tukazisikia harusini, na mimi binafsi nilizisikia msibani, mchimba kaburi akiwa ameshikilia sepetu anangoja ziishe.

Kisha ukaja msimu wa baridi. Intakula ikipoza kupita kiasi hujikusanyia unyevu chini, na unyevu huo, pikapu ilipolala kileleni, uligeuka barafu na kuziba njia ya hewa. Asubuhi injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Mzee Hewa akafungua boneti, akaitazama kwa muda mrefu, akatutangazia kwamba gari halijaharibika, linapumzika tu. Zamu nzima tukasimama tukitazama birika letu la chai likimiminwa juu ya chuma kuyeyusha barafu.

Wiki hiyohiyo akaja mkaguzi kutoka makao makuu. Akapewa kiti cha mbele, kwa heshima. Baridi ilikuwa imeukakamaza mpira unaounganisha bomba na intakula, na katikati ya mlima ukachomoka kwa mlio wa bunduki. Mkaguzi alijikunja chini ya dashibodi, miwani huku, faili kule. "Ni mpira tu, mheshimiwa," Mzee Hewa akamtuliza, "bado ipo mingine." Ripoti ya ukaguzi wa mwaka ule ilikuwa fupi kuliko zote.

Mtu mwingine angeirudisha intakula ndogo. Huyu wetu akaanza kuitunza ile kubwa kama mgonjwa. Akaitoboa chini na kuchomelea nati yenye bolti, ili kila jioni aifungue unyevu utoke. Akabadilisha klampu zote zinazobana mipira. Akayafunga mabomba kwa vipande vya blanketi, na blanketi lenyewe dada yangu alilitambua siku tatu baadaye, kwa ua lake moja jekundu, lilipopita barabarani. Mwisho akataka kitu cha kufunika mbele wakati wa baridi kali, cha kukunjua na kukunja, na mlangoni kwa meneja palikuwa na mkeka wa mpira wa kufutia miguu. Tangu hapo pikapu ya kampuni imekuwa ikipanda na kushuka mlima imeandikwa KARIBU puani.

Tufupishe: alitafuta kitu cha kupoza hewa, kisha akatumia miaka iliyofuata kukivalisha nguo. Haya ndiyo maendeleo ya kiufundi yaliyotajwa kwenye cheti chake cha kustaafu.

Lakini kuna siku moja ambayo sina namna ya kuifanyia mzaha, na nimejaribu. Ukungu ulikuwa umekaa mlimani tangu juzi yake, barabara imeganda, na magari ya kukodi tuliyoyaita yalikuwa yamepiga simu moja baada ya jingine kusema hayapandi. Mlinzi wetu ana pumu. Dawa yake ilikwisha asubuhi, na kufikia alasiri alikuwa ameketi akishika magoti, anavuta pumzi kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Tulimzungushia kila tulichokuwa nacho. Nilikuwa mkuu wa zamu, na baada ya kupiga simu ofisini sikuwa na jingine la kufanya. Nilitoka nje ili wenzangu wasiuone uso wangu, na nikiwa huko nikausikia ule mluzi wa turbo, mbali, unapotea, unarudi. Kisha katika ule ukungu nikaona herufi. Sijawahi kusoma neno zuri kuliko lile.

Alishuka akiwa na minyororo kwenye matairi na barafu kwenye masharubu. "Mnanitazama nini? Mbebeni huyo, aingie mbele. Injini yangu ikipoa hapa nitawachapa wote, hata wewe shemeji." Tulifika hospitali salama. Mlinzi yuko hai, ana wajukuu, na atakuwa mstari wa mbele kwenye sherehe ya kumuaga, ingawa ameomba asisimuliwe tena habari za gia ya pili.

Nilimuuliza baadaye kama aliogopa. Akasema aliogopa sana, ila alijua tupo juu. Ndivyo alivyosema, kisha akainama kuifungua ile bolti unyevu utoke.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote namshukuru Mzee Hewa kwa kelele, kwa moshi, kwa chai yetu iliyomwagwa, na kwa kila asubuhi ambayo alikuja. Dada yangu anamsubiri nyumbani. Ameshaficha mablanketi.

Uongozi nao umebandika tangazo kwenye ubao. Kuanzia mwezi ujao zamu itapandishwa na kuteremshwa kwa gari la kukodi, hali ya hewa ikiruhusu. Nimelisoma mara mbili, kwa sababu katika miaka thelathini na mmoja sikumbuki hali ya hewa kuombwa ruhusa. Maisha mema, shemeji, na usingizi mnono hadi jua lichomoze. Sisi tutakuwa juu, tunasubiri kuruhusiwa.