Hodi ya Kila Jumatatu: Bi Atuganile Mwaisaka Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi Atuganile Mwaisaka, Mama Prisca wetu, anastaafu rasmi Ijumaa, Juni 27, 2025. Alijiunga na ushirika wetu wa chai na parachichi hapa Tukuyu akiwa mpiga chapa, anaondoka akiwa mkuu wa kitengo cha TEHAMA. Katikati ya hapo amesomea kompyuta Mbeya, ameozesha mabinti wawili, na ametugombeza sote kwa kuingia chumba cha seva na miavuli inayochuruzika.

Ni yeye aliyeunganisha vituo vya Kisondela na Nkunga na mtandao wetu, mkulima akaanza kuona uzito wa mzigo wake na malipo yake palepale, bila kupanda bodaboda kuja makao makuu. Na kwa kuwa penye watu wengi hapakosi wezi, akaweka pia mfumo wa kung'amua wavamizi, ambao sote tunauita Mlinzi. Yeyote anayepapasa mtandao wetu, Mlinzi humwona, humwandika kwenye kanzidata, nasi tunasoma taarifa hiyo kwenye skrini.

Mama Prisca hamwamini mlinzi yeyote, hata aliyemweka mwenyewe. Kila Jumatatu humpigia hodi: hutuma ujumbe wa majaribio kutoka kompyuta ya pembeni, kisha husubiri uonekane kwenye skrini. Ujumbe wenyewe ni salamu ya asubuhi ya Kinyakyusa, "Ugonile", yaani umelalaje. Tulimcheka sana kwa hilo.

Mwaka jana alikwenda likizo. Aliporudi alitukuta ukumbini tunakunywa soda, tukisherehekea mwezi mzima bila taarifa hata moja ya uvamizi. Meneja wetu, Bwana Mrisho, alikuwa katikati ya hotuba. Mama Prisca alipokea soda yake, akashukuru, kisha akauliza ni nani aliyekuwa akipiga hodi siku za Jumatatu. Hakuna aliyepiga hata mara moja.

"Hata sokoni hapo humalizi mwezi bila kusalimiwa," alisema. "Huu si usalama. Huu ni ububu."

Alituma salamu yake. Skrini kimya. Hakulaumu mtu wala hakung'oa waya, alifuata njia hatua kwa hatua. Mlinzi anaona? Anaona. Anaandika? Anajaribu, ila kanzidata inamkatalia. Hapo ndipo Lusungu, msaidizi wake, alipokumbuka kwamba alibadilisha nywila ya kanzidata kama wakaguzi walivyoshauri, lakini hakumpa Mlinzi nywila mpya. Maskini Mlinzi alikuwa akibisha mlango mwezi mzima, na sisi tunapongezana. Nywila ikarekebishwa, na "Ugonile" ikatokea.

Nyuma yake zikamiminika taarifa zote ambazo Mlinzi alikuwa amezihifadhi kando. Nyingi zilitoka kwenye kompyuta moja ya Kisondela, iliyoingiwa na kirusi kupitia flashi ya filamu. Bodi ilishtuka, ikataka vituo vyote viwili vikatwe mtandao moja kwa moja. Wakulima wangerudi kwenye kusubiri na kubahatisha, na kazi yake ya miaka ingekwenda na maji. Mama Prisca alisimama mbele ya bodi, akasema kosa ni la kitengo chake, si la mkulima, akaomba wiki moja tu. Alikwenda Kisondela mvua ikinyesha, akaisafisha ile kompyuta, akawafundisha makarani wa kituo, na hakumtaja Lusungu popote. Wiki ilipokwisha, bodi ilitazama skrini, ikaona "Ugonile" ipo na taarifa za Kisondela zimekoma, ikaviacha vituo vyote viwili mtandaoni. Sasa Nkunga wanaomba kompyuta ya pili.

Lusungu ndiye anayeshika nafasi yake. Tulimuuliza kama atabadilisha ujumbe wa majaribio, akasema atabadilisha nywila zote, ila huo hataugusa.

Mama Prisca, asante kwa kutufundisha kuuogopa ukimya. Nenda kaipalilie migomba yako kwa amani, ulee wajukuu, ulale hadi jua lichomoze. Kila Jumatatu asubuhi, ofisi nzima itakuwa inauliza umelalaje.