Aliyeishusha Namba ya Ukutani

Ndugu, majirani, na ninyi mliofanya naye kazi, familia imempa mdogo wake wa mwisho jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, na imemwonya asimpambe, kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa akitoka nje kila aliposikia mtu anasomewa sifa asizokuwa nazo, basi mtakayoyasikia ni yale tuliyoyaona kwa macho yetu, na mengine aliyotusimulia mwenyewe huku akizunguka meza, maana kusimulia akiwa amekaa hakuweza.

Alizaliwa Alhamisi, tarehe 11 Aprili 1974, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba, fundi wa majokofu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama, aliyekuwa mshonaji, alisema alianza kutembea akiwa na miezi tisa na tangu siku hiyo hakuonekana kukaa kitako, ndipo mtaa ukampa jina la Kiguu na Njia, jina lililomfuata mpaka darasani, ambako walimu nao walilitumia bila kujali lililoandikwa kwenye daftari la mahudhurio.

Alianza shule ya msingi Januari 1982 na kumaliza mwaka 1988, akaingia sekondari mwaka 1989 na kuhitimu mwaka 1992, alama zake zikiwa za kawaida, isipokuwa za hisabati, na katika miaka hiyo lilitokea jambo ambalo baba alilisimulia mpaka uzeeni, kwamba mteja mmoja alirudisha jokofu lake mara tatu, baba akabadilisha kifaa hiki na kile, jokofu likifika karakana linagandisha vizuri, likirudi kwa mwenyewe linakataa, hadi binti huyu wa miaka kumi na mitatu alipomfuata mteja kwa miguu hadi nyumbani kwake, akarudi jasho likimtoka na kusema, "Baba, jokofu lile ni zima, wamelibana na jiko," na baba, aliyekwisha kulifungua mara tatu bila kuuliza linakaa wapi, hakujua ampongeze au amchape kwa kuondoka bila kuaga.

Alisomea uhazili mwaka 1993 na 1994, na tarehe 6 Februari 1995 akaajiriwa na idara ya maji kuwa karani wa malalamiko, dirisha namba tatu, kazi aliyoifanya miaka kumi na minne na ushee, na hapo ndipo alipopata ugomvi wake wa kwanza na hesabu za ofisi, kwani lalamiko lilihesabiwa kuwa limekwisha pale barua ya mlalamikaji ilipojibiwa, bomba liwe limetoa maji au halijatoa, hivyo kila mwezi ubao wa matangazo ulionesha malalamiko yote yamemalizwa, na kila mwezi watu walewale walirudi dirishani na ndoo zilezile, naye akawa anaandika kwa penseli pembeni ya kitabu, maji yametoka, maji hayajatoka, mpaka msimamizi wake alipomkataza kuchafua kitabu cha serikali.

Mume wake alikutana naye kwa sababu ya fomu za malalamiko, kwani alikuwa fundi wa uchapaji katika kiwanda kilichozichapa, na dada alikwenda huko kudai nafasi ya kujibu iongezwe mistari miwili, akatembea kutoka mashine hii hadi ile akiuliza maswali, hadi fundi akamwambia, "Ukikaa dakika mbili nitakuletea chai," naye hakukaa, na chai aliletewa hivyohivyo, akainywa amesimama, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Julai 1999, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Machi 2001, ambaye sasa ni mwalimu wa watoto wadogo, na mwana aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 2005, ambaye yuko chuoni.

Kati ya mwaka 2006 na 2008 alisoma jioni masomo ya kuandika programu za kompyuta, akiwa ndiye mama pekee darasani, na tarehe 4 Januari 2010 akaacha dirisha lake na kujiunga na kampuni ndogo ya programu za simu, orofa ya pili, juu ya duka la rangi, na sisi nyumbani tukapata msemaji asiyechoka, kwani hakuna chakula kilicholiwa mezani kwake bila mjadala wa teknolojia, mdogo wake anayewasomea haya akishikilia kwamba simu zimewaharibu watu, naye akijibu kwamba simu ni kijakazi tu, muulize aliyemtuma, na kwamba programu nzuri ni ile inayokufanyia kazi yako kisha ikakuacha uende zako, na inayokuita kila saa bila shughuli ni jirani mbeya, ifungie mlango.

Mwaka 2017 kampuni ilitoa programu ya kuagizia maboza ya maji majumbani, na yeye akapewa kuisimamia yote, itengenezwe vipi na ibadilishwe nini, akisaidiwa na mwandishi mkuu wa programu, mwanamke aliyeitwa na wote Mkimya, rafiki yake wa karibu kuliko hata sisi ndugu, na ukutani mwa ofisi mkurugenzi alitundika kioo kikubwa chenye namba moja tu, mara ambazo programu ilifunguliwa siku hiyo, na ilipofika Agosti 2019, mabomba yakiwa makavu wiki ya sita, namba hiyo ilipanda kutoka elfu nne hadi elfu kumi na tisa, keki ikaletwa, watu wakapiga picha chini ya kioo, na dada, aliyekuwa amesimama mlangoni na kipande chake mkononi, hakukila, akamwambia Mkimya kwamba maboza ni yaleyale ishirini na mawili, sasa hawa watu wanafungua nini.

Kesho yake akapanda boza, akakaa kando ya dereva siku tatu, na siku ya tatu wakafika kwa mama mmoja wa ghorofa ya nne, aliyekuwa akimuuguza mama mkwe asiyeweza kutoka kitandani, na ambaye alikuwa ameifungua programu mara sitini na moja tangu asubuhi, kwa sababu kila alipoifungua iliandika "Boza liko njiani," naye alishaacha kwenda kazini siku mbili, akihofia likija lisimkute, na dada alipojitambulisha kwamba ndiye msimamizi wa programu, mama yule hakugomba, alimuuliza tu, "Njiani wapi, dada yangu, maana kila njia ina mwisho," na dereva alisimulia kwamba waliporudi alifungua na kufunga dirisha la gari mpaka kishikio kikang'okea mkononi mwake.

Alimwendea mkurugenzi akamwambia kwamba wale watu hawaipendi programu, wanangoja maji, akaomba kila mteja aoneshwe yuko wa ngapi kwenye foleni na saa ya kufikiwa, kisha atumiwe ujumbe mmoja boza linapotoka, asihitaji kuchungulia tena, na hakuficha kwamba namba ya ukutani ingeporomoka, naye mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu mbaya na yuko nasi hapa leo, alimjibu, "Wawekezaji wanakuja tarehe ishirini, dada, nitawaoneshaje mlima unaoteremka," akamsihi avute subira mpaka wageni waondoke, subira huvuta heri, naye akasema kwamba kwa yule mama wa ghorofa ya nne ni ngojangoja, na hiyo huumiza matumbo.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilibishana kama pasomwe au paachwe, tukaamua pasomwe, kwamba Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2019, dada yetu alimwambia Mkimya kuwa ruhusa imepatikana, hali haijapatikana, na Mkimya, akimwamini, akayaingiza mabadiliko yale aliyokwisha kuyaandika, na ndani ya siku nne namba ikashuka kutoka elfu kumi na tisa hadi elfu tano, simu za malalamiko zikapungua, madereva wakaacha kutukanwa, yule mama akarudi kazini kwake, na wawekezaji walipokuja tarehe 20 walitazama kioo, wakasikiliza maelezo kwa adabu, wakaenda zao bila kurudi, na tarehe 2 Desemba watu kumi na mmoja wakapunguzwa kazi, Mkimya akiwa wa kwanza kwenye orodha, kwa kuwa mkono ulioonekana kwenye kumbukumbu za kompyuta ulikuwa wake.

Dada alikwenda kwa mkurugenzi siku ileile, akaeleza kwamba uongo ulikuwa wake peke yake, akaomba aondoke yeye na Mkimya abaki, lakini orodha haikubadilika, yeye akateremshwa kuwa mpokea simu za wateja, akakubali, na mume wake anasema kwamba miaka miwili iliyofuata alikuwa akiacha chakula katikati, akivaa viatu, akitembea hadi kwenye nyumba ya Mkimya, anafika getini, anarudi, na kwamba alipomwambia kuwa alifanya la haki alimjibu, "La haki nililifanya kwa mgongo wa mwenzangu."

Kampuni haikufa, kwani shule na zahanati ziliziamini zile saa zilizotajwa kwenye programu, zikaanza kuagiza maji kwa mkataba, na kufikia Juni 2021 saba kati ya wale kumi na mmoja walirudishwa, kioo kikawekwa namba nyingine, ya nyumba zilizopata maji kwa saa iliyoahidiwa, na dada akarudishiwa nafasi yake, ila Mkimya alikataa kurudi, akafungua ofisi yake ndogo, na simu za dada hakuzipokea hadi tarehe 15 Mei 2022, dada alipoacha kurudia getini na kubisha hodi, wakaongea wamesimama uani, na aliyotuambia ya mazungumzo hayo ni sentensi moja ya Mkimya, "Ulikuwa sahihi, na mimi nilipoteza kazi kwa uongo wako, yote mawili ni kweli, usiniombe nichague moja," na hakumwomba, wakaendelea kuonana, si kama zamani, ila wakaendelea.

Maumivu ya tumbo yalimwanza Machi 2024, na tarehe 21 Mei akagundulika kuwa na saratani ya kongosho, iliyokwisha kusambaa, akatibiwa mara nne na kurudi nyumbani, akalazwa mara ya mwisho tarehe 23 Septemba, na hata hapo alitembea korido akisukuma chuma cha dripu mpaka miguu ilipokataa, na ilipokataa akawa anatembeza macho, akitaka kila dawa ielezwe ni ya nini na inapimwaje kama imefanya kazi, na Mkimya alipokuja walibishana kwa sauti kuhusu programu mpya ya Mkimya hadi wagonjwa wengine wakalalamika, na hiyo, kwa maelezo ya binti yake, ilikuwa siku yake nzuri kuliko zote alizolazwa.

Katika historia kama hizi huandikwa kwamba mtu aliaga kwa utulivu, nasi tungependa kuandika hivyo, lakini asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, muuguzi alipombadilishia dawa na kumwambia, "Pumzika sasa, mama," alijibu, "Nitapumzika, nieleze kwanza," na muuguzi yule akavuta kiti, akamweleza yote bila haraka, dawa hii ni ya nini na ile imeondolewa kwa nini, naye akawa anasikiliza na kutikisa kichwa, na maelezo yalikuwa bado hayajaisha alipotutoka, saa nne na dakika ishirini, akiwa na umri wa miaka hamsini na miezi sita kasoro siku tatu, akiacha mume, watoto wawili na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu na ambao hawakumficha kitu, muuguzi aliyevuta kiti, majirani waliopokezana zamu za kupika na kulala kwetu, mkurugenzi na wafanyakazi wenzake waliofunga ofisi leo, madereva waliokuja na maboza yao na kuyaegesha hadi mwisho wa barabara, na mwenzake aliyeketi safu ya pili, aliyetuomba tusimsifu, nasi hatumsifu, tunamshukuru tu kwa kuja.

Dada yetu, watu wengi walikuambia upumzike na hukuwahi kulipenda neno hilo, lakini leo sisi ndugu zako hatuna lingine la kukupa, pumzika kwa amani.